Mtu wa Miguu Naye Apewe Njia Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Meru na Embu)



Sisi si wasemaji wakubwa. Shule yetu ilikuwa ya msingi, ya misheni, na baada ya hapo tulifundishwa na reli. Kwa hiyo tutasema yale tunayoyajua kwa macho na kwa miguu.

Huenda mwanachama mmoja atauliza: chama cha wafanya kazi kina shauri gani na barabara za mji? Kazi ya chama ni mshahara, likizo, na saa za kazi. Ndiyo, ni kweli. Lakini mshahara huo huletwa nyumbani na mtu mwenye miguu miwili. Akivunjika mguu njiani, mshahara nao umevunjika. Basi shauri hili ni la chama.

Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja, mtu wa gengi ya reli, alikuwa nyumbani kwa likizo. Ilikuwa jioni, kama saa moja, mvua imekwisha kunyesha. Alitoka sokoni na mfuko wa unga na sukari kidogo. Kando ya barabara palikuwa na njia ya miguu, lakini meza za viatu na mafungu ya ndizi yalikuwa yameijaza yote. Akashuka barabarani kama watu wengine walivyoshuka. Mbele yake matatu ilikuwa imesimama ikishusha abiria. Akaipita kwa upande wa nje. Pale pale pikipiki ikatokea, ikamgonga. Mlingoti wa taa ulikuwako, umesimama wima kama askari, lakini taa yake haikuwaka.

Mwenzetu alivunjika mfupa wa paja. Alikaa miezi saba bila kwenda kazini. Kijana wa pikipiki naye alivunjika bega, na ile pikipiki, ambayo ilikuwa ya mkopo, ikachukuliwa na wenye mkopo. Na kijana huyo, ndugu zetu, si mgeni. Baba yake ni mwanachama mwenzetu. Aliyegongwa ni wetu na aliyegonga ni wetu. Nyumba mbili za chama hiki zilipata hasara kwa dakika moja, na huko hospitali jamaa za pande zote mbili walikaa katika benchi moja, hawajui kama waamkiane au wagombane.

Baada ya hapo maneno yakawa mengi. Wengine walisema, vijana wa boda boda hawana adabu. Wengine walisema, mtu mzima gani hushuka barabarani bila kutazama nyuma? Hapa Meru twajua desturi ya wazee wa Njuri Ncheke: shauri halikatwi mpaka pande zote zimesikiwa. Basi katika shauri hili tuliwasikia mtu wa miguu na mtu wa pikipiki. Lakini kulikuwa na upande wa tatu ambao hakuna aliyeuita. Upande huo ni barabara yenyewe, pamoja na wale walioipanga au walioacha kuipanga.

Tueleze kidogo mambo ya reli, ili neno letu lifahamike.

Katika reli hatumwambii dereva, "Jihadhari," halafu tukaenda kulala. Dereva hujihadhari, ndiyo, lakini hakuachiwa kazi yote ya usalama peke yake. Treni haiingii katika sehemu ya njia mpaka ipewe ruhusa, ili treni mbili zisikutane uso kwa uso. Penye kona kali pana kibao cha kuonyesha mwendo. Njia inapogawanyika, chuma hufungwa kabisa ili gurudumu lisiwe na hiari. Kila gengi ina urefu wake wa njia, na mtu mmoja huutembea kwa miguu akiwa na spana na nyundo, akiitazama bolti moja moja. Bolti ikilegea, hatungoji treni ianguke ndipo tuikaze.

Na ikitokea ajali, watu hukaa wakauliza. Hawaulizi tu, "Nani?" Huuliza pia, "Kwa nini?" Kibao kilikuwa wapi? Breki zilitazamwa lini? Mtu huyu alikuwa kazini tangu saa ngapi? Hatusemi kuwa reli haina makosa. Makosa yake twayajua kuliko ninyi, maana sisi ndio tunaoumia nayo. Lakini reli inakubali neno moja: mwanadamu atakosa siku moja, kwa hiyo panga njia ili kosa lake lisiwe kifo.

Neno hilo halijafika katika barabara za miji yetu. Huku mtu akifa, polisi huandika kuwa dereva alikwenda kasi, au mtembeaji hakutazama. Kitabu hufungwa. Kesho yake mtu mwingine hupita pale pale, usiku ule ule, chini ya taa ile ile isiyowaka.

Ninyi nyote mwajua daraja la Nithi, maana hakuna atokaye Meru kwenda Embu asilipite. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa liliacha barabara likaanguka bondeni hapo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hiyo haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Mteremko ni mrefu, kona ziko, na daraja liko chini. Mahali panapoua mara kwa mara, madereva mbalimbali, magari mbalimbali, haifai tena kuuliza habari za dereva peke yake. Mahali penyewe pamekwisha kutoa ushahidi.

Sasa tuitazame miji yetu miwili. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikafika Nanyuki mwaka 1930, ikakomea hapo. Haikufika Embu wala haikufika Meru. Wenyeji wa Embu walikwenda Sagana kutafuta treni, na wa Meru walikwenda Nanyuki. Kwa hiyo kila kitu cha nchi hii, kahawa, chai, ndizi, mbao, miraa, saruji na abiria, kinapita barabarani. Lami ya kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru ilipokamilika katika miaka ya 1980, tulifurahi sana, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mgonjwa alifika hospitali upesi, na mazao yakapata soko.

Lakini barabara ile kuu ya safari ndefu ndiyo pia barabara ya sokoni. Pale Embu, lori litokalo Nairobi na mtoto aendaye shule wanatumia njia moja. Mfanya kazi atokaye Dallas au Shauri kwa miguu asubuhi lazima aivuke. Mtu wa lori anaona kuwa yuko safarini, na mtoto anaona kuwa yuko mtaani kwao. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa upande wa Meru zilijengwa barabara za kuzunguka mji, ya mashariki na ya magharibi. Ni kazi njema, twaisifu. Lakini barabara ya kuzunguka huondoa lori tu. Haimpi mama mwenye kikapu njia ya kufika Gakoromone. Haimpi mfagiaji wa Majengo mahali pa kuvuka saa kumi na moja alfajiri. Mpango wa mji ukianza na magari ukaishia na magari, mtu wa miguu hubaki kama maji ya mvua, ajitafutie mwenyewe pa kupita.

Tena tuyaseme magari ya miraa bila kuogopa, maana ni jasho la jamaa zetu wa Nyambene. Miraa ikikauka haina bei, basi dereva hukimbizana na jua kutoka Maua hadi Nairobi. Twafahamu kwa nini anakimbia. Lakini asikimbie katikati ya soko. Saa anazoziokoa ziko katika safari ndefu, haziko katika nusu maili ya mjini.

Fanyeni hesabu hii pamoja nasi. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Liendalo kilomita 80 hupita mita 22. Liendalo kilomita 30 hupita mita 8 tu. Na dereva akimwona mtoto ameruka barabarani, sekunde moja hivi hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Basi yule wa kilomita 80 amekwisha kula mita 22 kabla ya kuanza kusimama. Sheria yetu inasema kilomita 50 mjini. Shirika la Afya la Dunia linashauri kilomita 30 mahali ambapo watu na magari wamechanganyika. Soko ni mahali pa namna hiyo kuliko pote.

Na hesabu ya vifo iko wazi. Mwaka 2023 walikufa watu 4,324 katika barabara za Kenya. Mwaka 2024 wakawa 4,748. Katika hao, kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Si wenye motokaa. Ni mtu wa miguu, ambaye hakulipa nauli, hakumwaga mafuta, hakupiga honi.

Wanachama wengi hudhani kuwa wakiumia wakienda kazini, mwajiri atalipa. Tahadharini sana. Sheria ya mafao ya majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, huihesabu safari ya kwenda kazini kuwa ni kazi ikiwa mwajiri amekuchukua bure kwa gari alilolitoa kwa ajili hiyo. Lakini yule aendaye kwa miguu yake mwenyewe asitegemee mlango huo. Njia yake ni kudai bima ya gari lililomgonga, kwa maana kila chombo cha moto lazima kiwe na bima ya kumlipa mtu wa nje. Basi mkigongwa, au mkimwona mwenzenu amegongwa, andikeni namba ya gari kwanza, fikeni polisi mkapate abstrakti na fomu ya P3, na karatasi za hospitali msizitupe. Na ninyi wazazi wenye vijana wa boda boda, hakikisheni pikipiki ina bima. Tangu kodi ilipoondolewa katika pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wengi wamepata kazi, na sisi hatuwaonei wivu. Lakini pikipiki bila bima ni deni linalotembea.

Sasa, ni nani wa kuulizwa? Katika reli kila gengi hujua bolti zake. Barabara nazo zina wenyewe. Tangu sheria ya mwaka 2007, barabara kuu za taifa zina mamlaka yake, za mijini zina mamlaka yake, na za vijijini zina mamlaka yake. Tena Katiba ya mwaka 2010 iliipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, utaratibu wa magari mjini na mahali pa kuegesha, na usafiri wa umma. Kwa hiyo ukipeleka neno la taa kwa watu wa barabara kuu, waweza kujibiwa kuwa si kazi yao, ukarudi nyumbani mikono mitupu. Kwanza ulizeni, bolti hii ni ya nani?

Na sheria ya miji ya mwaka 2011 inasema mji uwe na mpango wake, na wakaaji wawe na haki ya kukutana na kutoa maoni katika mpango huo. Meru na Embu zina bodi za manispaa. Mlango uko. Sisi wafanya kazi ndio tusioingia. Tunangoja barabara ikisha kumwagwa lami ndipo tuanze kunung'unika kuwa haina njia ya miguu.

Sikilizeni tarehe hizi mziandike. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika baraza la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya kugawa fedha hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe hupelekwa kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu akienda mwezi wa Juni kuomba taa, amekwenda mazishini. Aende mwezi wa Julai na Agosti, mpango ungali unaandikwa.

Tuombe nini? Twaona mambo matano, na yote ni madogo ukiyapima na bei ya barabara moja mpya.

La kwanza, njia ya miguu isiyokatika, kutoka mitaa wanakolala wafanya kazi mpaka sokoni na hospitalini. Njia ikikatika mara tatu katika nusu maili, mtu hushuka barabarani mara tatu.

La pili, mahali pa kuvuka palipoinuliwa, karibu na kila shule, soko na hospitali, ili gari lipunguze mwendo hata kama dereva hataki. Rangi nyeupe peke yake ni ombi tu. Tuta ni amri.

La tatu, taa ziwake. Mlingoti usiowaka ni mti uliopandwa na serikali.

La nne, boda boda na matatu wapewe vituo vyao kabisa, vyenye nafasi ya kutosha, wasilazimike kushusha watu katikati ya barabara.

La tano, mwendo wa kilomita 30 sokoni, pamoja na vibao na matuta ya kuulinda.

Tuongeze neno la sita, ambalo ni la kutuonya sisi wenyewe. Tusiombe njia ya miguu kwa kumfukuza mama mboga. Yeye naye ni mfanya kazi, ijapokuwa hana kadi ya chama, na wengi wetu tulisomeshwa kwa meza ya namna hiyo. Alikwenda kukaa njiani kwa sababu wanunuzi wako njiani. Basi mpango upime upana: hapa ni pa meza, hapa ni pa kupita. Askari akija na lori kubeba ndizi za watu asubuhi, jioni meza zimerudi, na chuki imeongezeka. Lakini mama akipewa mahali pake karibu na watu, na mstari ukachorwa, ataulinda mstari huo mwenyewe.

Wako watakaosema, fedha hakuna. Sisi twajibu: mguu wa mwenzetu uligharimu miezi saba ya mshahara, kitanda cha hospitali, pikipiki ya kijana, na karo ya watoto wa nyumba mbili. Fedha hizo zilitoka. Zilitoka mifukoni mwa watu wasiokuwa nazo, basi hazikuandikwa katika kitabu chochote cha makadirio.

Mwisho, twaomba chama kifanye jambo moja. Tuchague Jumamosi moja, Meru siku yake na Embu siku yake. Tugawanye mji kama gengi zinavyogawanya reli. Watu wawili wawili, kila jozi na urefu wake, na daftari na penseli. Tutembee polepole. Tuandike kila mahali njia ya miguu ilipokatika, kila taa iliyokufa, kila mtaro usio na kifuniko, kila mahali watoto wanapovuka mbio. Tuwaite vijana wa boda boda watembee pamoja nasi, maana wao wanajua kona za hatari kuliko ofisi yoyote. Tumwite na mama wa sokoni. Halafu tuandike karatasi moja safi, tupeleke nakala kwa bodi ya manispaa na kwa mamlaka ya kila barabara, na tuombe mhuri wa kupokelewa. Mwezi ukipita bila jibu, turudi na mhuri wetu mkononi. Karatasi yenye mhuri haiwezi kusema haikufika.

Yule mwenzetu amerudi kazini. Anachechemea, hawezi tena kuinua reli na wenzake, amepewa kazi ya kukaa langoni. Yule kijana humpelekea chai siku nyingine, na sasa huamkiana kama baba na mwana. Juzi tulipomwambia kuwa tutasema habari hizi mbele ya wanachama, hakuomba tumtaje jina wala tumchangie fedha. Aliuliza neno moja tu: "Ile taa, imekwisha kuwaka?"

Tulimjibu kuwa bado. Ndugu zetu, hatupendi kumjibu hivyo mara ya pili.

Umoja ni nguvu.